Maswali ya Lugha: Kitenzi “get” na yale yanayokifuata

Barua zilizotufikia kuhusu vitenzi vya Kiingereza karibu zote zimeangukia kitenzi kimoja, nacho ni “get”. Hilo halishangazi, kwa kuwa ni kitenzi kifupi, chepesi kutamkwa na kinachosikika katika kila mazungumzo, lakini bado kinawasumbua hata watu waliosoma lugha hiyo miaka mingi. Tumechagua barua zinazouliza mambo tofauti, tukazifupisha kidogo, na jibu la kila moja linafuata papo hapo.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kamusi yangu inasema kwamba “get” ni kupata, lakini kila nikiitumia maana hiyo sentensi inanigomea. Katika “It is getting dark” sioni ni nani anayepata nini, na katika “Get out!” hakuna kinachopatikana kabisa. Je, neno hili lina maana ngapi, na nifanyeje ili nizikariri zote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa umeuliza idadi, nianze na hiyo. Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ilikipa kitenzi “set” maana 430, na wahariri wake walipoipitia upya wakakuta “run” kimekipita, kikiwa na maana 645. “Get” kimo katika ukoo huohuo wa vitenzi vifupi vinavyojaza kurasa za kamusi. Hakuna mzungumzaji wa Kiingereza aliyewahi kuketi akazikariri maana hizo, nawe usijaribu. Kamusi yako haikukudanganya, ila imekupa kipande kimoja cha habari na kuacha vingine.

Tazama sentensi hizi, ambazo zote zina mtendaji mmoja. Katika “She got a letter” mwanamke huyo alipata barua. Katika “She got angry” alikasirika, na katika “She got home” alifika nyumbani. Katika “She got promoted” alipandishwa cheo, na katika “She got him to wait” alimfanya mtu mwingine asubiri. Kitenzi hakikubadilika hata herufi moja, bali kilichobadilika ni kile kinachokifuata: mara nomino, mara kivumishi, mara mahali, mara umbo la tatu la kitenzi kingine, mara mtu na jambo analotakiwa kulitenda. Kwa hiyo ukiliona neno hili usijiulize kwanza lina maana gani, bali jiulize ni kitu gani kimesimama baada yake, na mara nyingi jibu litakuja lenyewe.

Kuna jambo moja linaloziunganisha sentensi hizo. Kila baada ya “get” kuna hali ambayo mwanzoni haikuwapo na mwishoni ipo. Aliyepata barua sasa anayo barua, kwa hiyo unaweza kusema “She has a letter”. Aliyekasirika sasa ana hasira, “She is angry”. Aliyefika nyumbani sasa yupo nyumbani, “She is home”. Vitenzi “have” na “be” ni chumba, na “get” ni mlango wa kuingilia. Jipime kwa njia hiyo na sentensi zako mbili. “It is getting dark” ina maana kwamba baada ya muda mfupi “it will be dark”, yaani giza linaingia, na ile “it” haimrejelei mtu wala kitu, kama vile sisi tunavyosema “kunakucha” bila kuuliza ni nani anayekucha. “Get out!” nayo ni amri ya kubadili mahali, kwamba uliyemo ndani sasa uwe nje.

Sehemu inayowakwaza zaidi wazungumzaji wa Kiswahili ni ile ya vivumishi, kwa sababu sisi kazi hiyo tunaifanya kwa vitenzi kamili. Tunasema kuchoka, kuzeeka, kulowa, kukasirika, kunenepa, na mabadiliko yamo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza hana kitenzi cha namna hiyo kwa kila hali, kwa hiyo huchukua kivumishi na kukitanguliza “get”: “get tired”, “get old”, “get wet”, “get angry”, “get fat”. Hapo ndipo mwanafunzi anapokosea nyakati. “Nimechoka” kwa kawaida si “I have got tired”, bali ni “I am tired”, kwa kuwa kiambishi -me- katika vitenzi vya aina hii kinaieleza hali iliyopo sasa. “Nilichoka tulipofika kilimani” ndiyo “I got tired”, na “naanza kuchoka” ni “I am getting tired”. Ukiielewa tofauti ya hizo tatu katika Kiswahili chako mwenyewe, utakuwa umemaliza nusu ya kazi.

Si kila kivumishi kinachokubali “get”, hata hivyo. Maziwa yakichacha Mwingereza husema “The milk has gone bad”, mtu akipofuka husema “He went blind”, na majani yakigeuka manjano husema “The leaves turned yellow”. Kwa jumla, kuharibika na kupotewa na kiungo au uwezo huelekea “go”, na rangi huelekea “turn”, ingawa kanuni hii ina mianya mingi na ni afadhali kujifunza kila kifungu kinavyotumika.

Zinabaki matumizi machache ambayo hayana budi kujulikana jinsi yalivyo. “I don't get it” ni “sielewi”. “I didn't get your name” ni “sikulisikia vizuri jina lako”, wala haina maana kwamba jina hilo ulinyimwa. Simu ikilia au mlango ukibishwa, anayesema “I'll get it” anajitolea kwenda kupokea au kufungua. Na kabla hujailaumu lugha ya watu kwa neno lenye sura nyingi, kumbuka kwamba kisu chetu kinapata kikiwa kikali, mtu anapata homa, na tunasema “yapata saa tatu” pasipo yeyote kupata chochote.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika filamu na habari za Kimarekani nasikia “gotten” kila mara, lakini nilipoliandika shuleni mwalimu alilikata kwa wino mwekundu. Nani ana haki? Tena, “I have got a car” ina maana kwamba nimepata gari au kwamba ninalo?

JIBU: Mwalimu wako ana haki ikiwa shule yenu inafuata Kiingereza cha Uingereza, na Wamarekani wana haki kwao. Lisilo kweli ni lile linalosemwa mara kwa mara kwamba “gotten” ni uvumbuzi au uharibifu wa Wamarekani.

Kitenzi chenyewe kiliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia waliovamia na hatimaye kufanya makazi kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Watu hao waliacha maneno ya kila siku kama “sky”, “egg”, “window” na “take”, na hata kiwakilishi “they”, jambo lisilo la kawaida kwa kuwa viwakilishi ni nadra kuazimwa. Waingereza tayari walikuwa na kitenzi cha asili moja na hicho, ila kilizoea kusimama nyuma ya viambishi awali, na mpaka leo kimo ndani ya “forget” na “beget”. Hata ile g ngumu tunayoisikia katika “get”, kama ya neno “gari”, ni alama ya ugeni huo, kwa sababu katika Kiingereza cha kale g iliyosimama mbele ya e au i ililainika ikaelekea sauti ya y.

Umbo “gotten” lilitumika Uingereza kwa karne kadhaa, na wahamiaji wa karne ya 17 walikwenda nalo Amerika ya Kaskazini. Baadaye Waingereza waliobaki kwao wakaliacha pole pole, huku wazawa wa wahamiaji wakiendelea nalo. Leo Mwingereza anayemcheka Mmarekani kwa “gotten” anasahau kwamba yeye mwenyewe husema “forgotten” kila siku, na kwamba mali ya dhuluma huiita “ill-gotten gains”.

Faida ya kuwa na maumbo mawili ni kwamba Mmarekani anaweza kutenganisha mambo ambayo Mwingereza huyaachia muktadha. Kwake yeye “I've got a car” ni “ninalo gari”, na “I've gotten a car” ni “nimepata gari”. Hatasema “I've gotten two brothers” akiwa na maana kwamba ana kaka wawili. Kwa hiyo hata Marekani “got” haikufa, bali imegawana kazi na “gotten”, na mwanafunzi anayeamua kuandika Kimarekani asidhani kwamba kila “got” ni ya kubadilishwa.

Sasa swali lako la pili. Kwa sura yake “I have got a car” ni hali timilifu ya kupata, lakini matumizi ya muda mrefu yameigeuza kuwa habari ya kumiliki sasa hivi. Ni mantiki inayofahamika, maana aliyekwisha kupata kitu na hakukipoteza anacho. Swali lake huwa “Have you got a pen?”, wakati kwa “have” peke yake swali huwa “Do you have a pen?”. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kupita yote katika maandishi ya wanafunzi ni kuyachanganya mawili hayo na kupata “Do you have got a pen?”, sentensi ambayo hakuna Mwingereza wala Mmarekani anayeikubali. Kwa wakati uliopita, acha kabisa “had got” unapozungumzia umiliki, uandike tu “I had a car”.

Kuna jozi nyingine inayofanana kwa sikio na kutofautiana sana kwa maana. “I got to see him” ni “nilipata kumwona”, yaani nilibahatika au nilipewa nafasi, na hapo kitenzi chetu cha kupata kinakaa vizuri kabisa. “I've got to see him” ni “sina budi kumwona”. Katika usemi wa haraka ile “'ve” humezwa, na kinachobaki mara nyingi huandikwa “gotta” katika mazungumzo ya hadithi na katika nyimbo. Usiiandike “gotta” katika insha, labda uwe unamnukuu mtu anayezungumza.

SWALI: Naomba kueleweshwa tofauti ya “I used to wake up early”, “I am used to waking up early” na “I got used to waking up early”. Zote zinanichanganya.

JIBU: Ya kwanza inasema kwamba zamani ulikuwa ukiamka mapema na sasa huamki tena. Ya pili inasema kwamba umezoea kuamka mapema. Ya tatu inasema kwamba ulizoea, yaani mwanzoni ilikuwa taabu na baadaye ikawa kawaida. Utaona kwamba ya pili na ya tatu zinatofautiana vilevile kama “I am tired” na “I got tired” nilizozieleza katika jibu la kwanza.

Mwisho wa -ing unatokana na kwamba “to” katika sentensi hizo mbili ni kihusishi, si alama ya kitenzi. Kipimo chake ni chepesi: weka nomino. “I got used to the noise” ni sentensi nzuri, lakini “I used to the noise” haisimami. Panapokubali nomino andika “waking”, na panapoikataa andika “wake”.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri. Nimekutana na “I got my hair cut” na, ukurasa uleule, “I got my fingers caught in the door”. Muundo ni mmoja, lakini ya kwanza nimetaka mwenyewe na ya pili imenikuta. Pia nashindwa kuamua lini “got” inafaa kuliko “was” katika kauli ya kutendwa, kwa sababu Kiswahili kinanipa -wa tu kwa zote mbili.

JIBU: Hili ni swali la mtu anayesoma kwa makini, na linastahili nafasi zaidi.

Muundo wa “get”, kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi, unaeleza tu kwamba kitu hicho kilifikishwa katika hali fulani. Hausemi kwa lazima nani alikusudia. Ujuzi wetu wa dunia ndio unaojaza pengo hilo: watu huenda kunyolewa kwa hiari yao, wala hakuna anayeubana mlango kwenye vidole vyake kwa makusudi. Katika Kiswahili ya kwanza inatosha kuwa “nilinyolewa” au “nilikwenda kunyolewa”, na ya pili ni “nilibanwa vidole na mlango”. Usilazimishe kauli ya kutendesha katika ya pili, maana “nilivibanisha vidole vyangu” itakufanya uonekane mtu wa ajabu.

Jihadhari sana na mpangilio wa maneno, kwa sababu hapo neno moja likihama maana yote inahama. “I got my hair cut” ni kwamba mtu mwingine alikunyoa. “I had cut my hair” ni kwamba ulikuwa umezikata mwenyewe. “I got cut” haina habari ya nywele kabisa, bali ni kwamba ulipata jeraha la kukatwa. Nimewahi kuiona tafsiri ambamo mhusika aliyetoka kwa kinyozi aligeuzwa majeruhi kwa sababu hiyo tu.

Anapotajwa mtu anayefanyishwa kazi, Kiingereza kinakuwa na ngazi kadhaa ambazo kiambishi chetu cha -isha au -esha hukusanya pamoja. Chukua sentensi “nilimbebesha kaka yangu mzigo”. Ikiwa ulimbembeleza au ulitafuta njia mpaka akakubali, ni “I got my brother to carry the load”. Ikiwa ulimlazimisha, ni “I made my brother carry the load”. Ikiwa ulimwagiza tu kwa kuwa ndiyo kazi yake, ni “I had my brother carry the load”. Na ikiwa yeye ndiye aliyetaka kubeba, nawe ukamwachia, ni “I let my brother carry the load”. Unaona kwamba ni “get” peke yake inayodai “to” kabla ya kitenzi cha pili. Ndani ya “get” hiyo mna dalili ya juhudi na ya ukinzani ulioshindwa, hata pale ambapo hakuna mtu wa kubembelezwa: “I finally got the engine to start” ni maneno ya mtu aliyehangaika na injini mpaka ikawaka. Ukifasiri kwa “nilimfanya” kila mahali, vivuli hivyo vyote vinapotea. Ni afadhali kutumia “nilimshawishi”, “nilimlazimisha”, “nilimwagiza” au “nilimruhusu”, kwa kadiri habari inavyotaka.

Kuhusu kauli ya kutendwa, tofauti ya kwanza ni ya tukio na hali. “The door was closed” ina njia mbili za kusomwa: kwamba mlango ulifungwa, au kwamba ulikuwa umefungwa tangu awali. “The door got closed” ina njia moja tu, kwamba kuna wakati ulifungwa. Vivyo hivyo “They were married” inaweza kuwa habari ya harusi au habari ya watu waliokwisha kuoana, lakini “They got married” ni habari ya kuoana kwenyewe. Kiswahili kinautenganisha utata huo kwa nyakati, kwa hiyo mfasiri hana sababu ya kuubeba.

Tofauti ya pili ni ya hisia. “Got” hupenda matukio yanayomgusa mtu, na mara nyingi ni ya bahati mbaya: “He got hurt”, “She got robbed”, “They got beaten”. Ya heri nayo yapo, kama “got promoted”. Lakini jambo lisilo na athari kwa yeyote, au hali isiyo na mwanzo unaoonekana, haiingii. Husemi “The answer got known”, wala husemi “The house got seen by us”. Aghalabu mtendaji hatajwi baada ya “got”, kwa kuwa macho yako kwa aliyepatikana na jambo.

Ukiongeza kiwakilishi cha kujirejelea, lawama inasogea. “He was arrested” inaripoti tu kwamba alikamatwa, bali “He got himself arrested” inadokeza kwamba alijitakia. Kwa hapo neno letu “alijitakia” au “alijiponza” ni zuri kuliko maelezo marefu yoyote, na nakushauri ulitumie bila kusita: “alijiponza akakamatwa”.

SWALI: Kwa nini ni “get in the car” lakini “get on the bus”, ilhali vyote ni vyombo vya magurudumu?

JIBU: Angalia abiria anavyokaa ndani ya chombo. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli kubwa au ndege, hupewa “get on” na “get off”. Chombo ambacho unainama kuingia na kuketi mara moja, kama gari dogo au teksi, hupewa “get in” na “get out of”. Vile vinavyokaliwa kwa kupandwa mgongoni au juu, kama farasi, baiskeli na pikipiki, vinarudi kwa “get on”. Sisi tunapanda na kushuka vyote bila ubaguzi, na ndiyo maana tofauti hii inatuponyoka. Ongeza hapo kwamba “home”, “here” na “there” hazichukui “to”: huandikwa “get home”, si “get to home”, lakini hubaki “get to school”.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu orodha ndefu ya vifungu kama “get over”, “get by”, “get across” na “get away with”. Sitaiandika orodha hiyo hapa, kwa sababu kamusi nzuri inayo. Nitataja jambo moja ambalo kamusi ndogo huliacha, nalo ni mahali pa kiwakilishi. Kupona au kuondokana na huzuni ni “get over it”, na kiwakilishi hukaa mwisho. Kulifikisha wazo kwa wasikilizaji ni “get it across”, na kiwakilishi hukaa katikati. Ukikosea ukaandika “get it over”, msomaji atatarajia “with” ifuate, kwa kuwa “get it over with” ni kulimaliza jambo la karaha ili uachane nalo, ambalo ni jambo jingine kabisa.

SWALI: Ndugu Mhariri, msimamizi wangu kazini hufuta kila “get” ninayoiandika katika barua za Kiingereza, akisema ni neno la mitaani. Je, ni kweli?

JIBU: La mitaani si kweli. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia katika Mithali 4:7, mahali ambapo Kiswahili kinasema “kwa mapato yako yote jipatie ufahamu”, na hapo lipo mara mbili katika kifungu kimoja: “with all thy getting get understanding”. Hakuna anayeweza kuiita lugha hiyo ya vijiweni.

Hata hivyo msimamizi wako ana hoja asiyoieleza vizuri. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, shughuli za utawala na mahakama ziliendeshwa kwa muda mrefu kwa Kifaransa na Kilatini, na maneno kama “receive”, “obtain” na “arrive” yaliingia kutoka Kifaransa yakiwa na heshima ya ofisi. Heshima hiyo haijayatoka. Maneno mafupi ya zamani yakabaki ya mazungumzo, ya nyumbani na ya kazi za mikono. Tena kuna sababu isiyo ya heshima: katika barua rasmi msomaji anataka kujua hasa kilichotendeka, na “get” humwachia kazi ya kukisia. “We got the goods” inaweza kuwa mlizipokea, mlizinunua au mlikwenda kuzichukua, na mkigombana kuhusu malipo tofauti hiyo itakuwa na uzito.

Chukua sentensi hii: “I got your letter yesterday and got worried because I did not get why the payment is getting late.” Haina kosa la sarufi, lakini imechosha. Katika barua ya ofisi ingeandikwa hivi: “I received your letter yesterday and was concerned, as I did not understand why the payment has been delayed.” Kila “get” imepata mbadala wake, na kila mbadala umetoka katika kazi tofauti: kupokea, kuwa katika hali, kuelewa, kuchelewa. Vivyo hivyo ahadi ya “I will get back to you” huwa “I will reply”, na ni bora zaidi ukitaja siku.

Usivuke mpaka, lakini. Kuna vifungu ambavyo mbadala wake huharibu sentensi. “Get rid of” katika barua ya kawaida ni afadhali kuliko “effect the removal of”, na “get ready” haihitaji kubadilishwa kuwa maneno matatu ya Kilatini. Msimamizi akizifuta na hizo, mwonyeshe sentensi yake mpya na umwombe aisome kwa sauti.